Wanawake, ngumi na vipimo vya jinsi: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Dodoma

Tangu Olimpiki ya Paris, habari ya vipimo vya jinsi kwa mabondia wa kike imetufuata hadi mazoezini. Mzazi aliyemleta binti kutoka Kizota anauliza. Dereva wa bodaboda aliyeegesha nje ya ukumbi anauliza. Mabinti wenyewe wanaulizana huku wakifunga bandeji mikononi. Tumeyakusanya majibu mahali pamoja kwa ajili yao, na kwa ajili ya makocha wenzetu wa Dodoma, Kondoa, Mpwapwa na Manyoni.

Msimamo wetu tunausema mapema. Kundi la wanawake lazima liwe na mipaka, maana bila mipaka hakuna ngumi za wanawake. Lakini mipaka hiyo iwekwe na kanuni zilizoandikwa, ithibitishwe kabla ya kengele kulia, na ibaki siri ya kitabibu. Binti hahukumiwi kwa kutazamwa umbo.

Paris kulitokea nini hasa?

Tarehe 1 Agosti 2024, siku ileile treni ya SGR ya Dar es Salaam na Dodoma ilipozinduliwa rasmi, Imane Khelif wa Algeria alipanda ulingoni dhidi ya Angela Carini wa Italia, uzito wa kilo 66. Zilipita sekunde 46 tu. Carini alirudi kwenye kona yake na kuacha pambano, akilia, akisema hajawahi kupigwa ngumi nzito namna ile. Hakumpa mwenzake mkono, na baadaye aliomba radhi kwa hilo.

Jua halijazama, mitandao ilikuwa imeshatoa hukumu kwamba Khelif ni mwanaume. Khelif aliendelea kupigana huku akitukanwa na watu wasiojua hata raundi ya ngumi za ridhaa ni dakika ngapi. Tarehe 9 Agosti, hapa Nzuguni watu wakiwa bado na vumbi la Nanenane miguuni, alimshinda Yang Liu wa China na kuchukua dhahabu. Kesho yake Lin Yu-ting wa Taiwan, aliyekuwa akiandamwa kwa madai hayohayo, alimshinda Julia Szeremeta wa Poland na kutwaa dhahabu ya kilo 57.

Kwa hiyo Khelif ni mwanaume aliyejigeuza?

Hakujigeuza. Alisajiliwa msichana alipozaliwa, akalelewa msichana kijijini karibu na mji wa Tiaret, na pasipoti yake inasema mwanamke. Baba yake mwanzoni hakutaka binti apigane. Khelif mwenyewe amesimulia alivyouza vyuma chakavu ili apate nauli ya basi kwenda mazoezini. Tunapowasimulia mabinti wetu sehemu hiyo, wapo wanaoinamisha macho, kwa sababu nauli ya daladala kutoka Nkuhungu au Ipagala ndiyo inayowakosesha mazoezi.

Pia si kweli kwamba hakuna mwanamke anayemweza. Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 alitolewa robo fainali na Kellie Harrington wa Ireland, kwa majaji wote watano. Mwaka 2022 alipoteza fainali ya dunia mjini Istanbul kwa Amy Broadhurst, naye wa Ireland.

Swali lililo halali ni jingine: kwa kanuni za sasa, mwili wa bondia fulani una sifa za kibayolojia zinazomruhusu kupigana na wanawake? Hilo linahitaji maabara na daktari. Picha ya televisheni haiwezi kulijibu.

Nasikia walishafungiwa kabla ya Paris. Waliingiaje?

Ni kweli. Machi 2023, kwenye mashindano ya dunia ya New Delhi, Shirikisho la Kimataifa la Ngumi, IBA, liliwaondoa wote wawili. Khelif aliondolewa akisubiri fainali, dhidi ya huyohuyo Yang Liu. Lin alinyang'anywa shaba.

Lakini IBA yenyewe ilikuwa na kesi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, ilisimamisha kuitambua mwaka 2019 kwa sababu ya uongozi, fedha na uamuzi wa mapambano, na Juni 2023 ikaifutia utambuzi kabisa. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, iliukubali uamuzi huo mwaka 2024. Kwa hiyo ngumi za Paris ziliendeshwa na kitengo cha IOC, nacho kilitumia kigezo kimoja: jinsi iliyoandikwa kwenye pasipoti. IBA iliita waandishi wa habari Paris ili ijieleze, na maofisa wake wakatoa maelezo yaliyopingana, huyu akizungumzia kromosomu (nyuzi za ndani ya seli zinazobeba vinasaba), yule homoni.

Kwa maoni yetu pande zote mbili ziliwaangusha mabondia. Kumwondoa mtu katikati ya mashindano, ameshashinda mapambano, kwa kipimo ambacho hukukieleza kwa uwazi, ni kumdhalilisha. Na pasipoti peke yake haimwambii mpinzani wake chochote kuhusu usalama wa kichwa chake. Carini na Khelif wote walistahili swali hili liwe limemalizwa miezi kabla hawajavaa glavu.

Mbona ngumi zinaleta joto kuliko riadha?

Kwa sababu kwenye riadha ukionewa unapoteza medali. Kwenye ngumi unaweza kupoteza fahamu.

Tofauti ya wanaume na wanawake katika kupiga ni kubwa hata wakiwa na kilo sawa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Utah uliochapishwa mwaka 2020 uliona kwamba nguvu ya wastani ya mikono katika mwendo wa kurusha ngumi, kwa wanaume, ilizidi ya wanawake kwa asilimia 162. Chanzo kikubwa ni testosteroni, homoni ya kiume, ya wakati wa kubalehe, inayojenga misuli ya mabega na kifua, mifupa mizito na mikono mirefu. Ndiyo maana mizani ya asubuhi haitoshi kuhakikisha pambano ni la haki.

Ila soma utafiti huo kwa uangalifu. Unalinganisha wanaume na wanawake wa kawaida. Haukupima wanawake waliozaliwa na tofauti za ukuaji wa kijinsi, na miili yao haifanani. Anayetumia namba hiyo kumhukumu mtu mmoja mmoja anaisemesha jambo ambalo haikupima.

Mtu anazaliwaje msichana halafu apatikane na kromosomu Y?

Hapa tunaomba msomaji atulie, maana ndipo kejeli nyingi zinapoanzia.

Mimba inapoanza, viungo vya uzazi vya watoto wote vinafanana. Kwa kawaida mwenye kromosomu XX hukua kuwa msichana na mwenye XY kuwa mvulana. Kwenye kromosomu Y ipo jeni iitwayo SRY ambayo huamsha ukuaji wa korodani, korodani nazo hutoa testosteroni, na testosteroni hujenga mwili wa kiume. Ni safari ndefu yenye hatua nyingi, na hatua yoyote inaweza kwenda tofauti.

Wapo wenye XY ambao seli zao haziipokei kabisa testosteroni. Homoni ipo kwenye damu lakini mwili hauisikii. Mtoto huyo anazaliwa na maumbile ya kike, anaota matiti, anaweza kuolewa, na hagundui lolote mpaka daktari achunguze kwa nini hajapata hedhi. Testosteroni isiyosikika haimpi nguvu za ziada.

Wapo wengine wenye upungufu wa kimeng'enya kinachobadili testosteroni kuwa aina kali zaidi inayotengeneza viungo vya nje vya kiume tumboni mwa mama. Hawa huweza kuonekana wasichana wanapozaliwa, wakunga wakaandika msichana, lakini wakibalehe mwili unaijibu testosteroni: sauti inakuwa nzito na misuli inajaa. Hapo faida ya kimichezo inaweza kuwa kubwa.

Wote wawili wana SRY. Mmoja hana faida, mwingine anaweza kuwa nayo. Ukielewa tofauti hiyo umeshaelewa kwa nini wataalamu wanabishana, na kwa nini neno "jikedume" linalotupwa kijiweni ni ukatili mtupu. Hakuna binti aliyejichagulia kromosomu.

Kanuni za sasa zinasemaje?

Shirikisho jipya, World Boxing, lililoanzishwa mwaka 2023, lilipata utambuzi wa muda wa IOC Februari 2025, na ngumi zikarudishwa kwenye ratiba ya Los Angeles 2028. Mei 2025 likatangaza kipimo cha lazima cha jinsi. Lilipotangaza lilimtaja Khelif kwa jina, na rais wake wa wakati huo, Boris van der Vorst, akaomba radhi kwa Waalgeria. Radhi hiyo ilistahili kuombwa.

Kanuni ilianza Agosti 2025, kabla ya mashindano ya dunia ya Liverpool. Anayetaka kushindana upande wa wanawake akiwa na zaidi ya miaka 18 anapima SRY mara moja. Ni kipimo cha PCR, teknolojia ileile tuliyoizoea wakati wa UVIKO-19: kijiti chenye pamba kinapitishwa ndani ya shavu, au inachukuliwa sampuli ya damu au mate. Shirikisho la nchi ndilo lenye jukumu la kumpima na kuwasilisha cheti. SRY ikikosekana, amepita. Ikipatikana, kanuni inaelekeza apelekwe kwa madaktari bingwa, na haki ya rufaa ipo. Ambaye mwili wake haukuathiriwa na homoni za kiume anaweza bado kuruhusiwa.

Khelif alikata rufaa CAS mwaka 2025. Mahakama ilikataa kuisimamisha kanuni wakati shauri likiendelea, kwa hiyo Liverpool hakwenda.

Riadha nayo ilianza kipimo cha SRY Septemba 2025. Andrew Sinclair, mwanasayansi aliyeigundua jeni hiyo mwaka 1990, alijitokeza hadharani kupinga itumike hivyo. Hoja yake ni kwamba kuwepo kwa jeni hakukuambii kama korodani zilikua, kama testosteroni ilitoka, wala kama mwili uliitumia. Sisi tunaona kipimo kinafaa kama mlango wa kwanza, mradi nyuma ya mlango awepo daktari wa kweli.

Si vipimo hivi vilikuwepo zamani vikaachwa?

Vilikuwepo, na historia yake inatia uchungu. Kwenye mashindano ya riadha ya Ulaya ya Budapest mwaka 1966 wanawake walipitishwa uchi mbele ya madaktari. Michezo ya Olimpiki ya Mexico ya 1968 ikaleta kipimo cha kromosomu kwa seli za shavuni.

Mwaka 1985 mkimbiaji wa kuruka viunzi wa Hispania, María José Martínez-Patiño, alipimwa mjini Kobe, Japani. Akaambiwa ana XY. Mwili wake ulikuwa wa aina ile isiyoisikia testosteroni. Alishauriwa ajifanye ameumia na kuondoka kimya. Alipokataa na kushindana nyumbani, siri ilivuja kwenye magazeti. Alipoteza ufadhili, rekodi zake zikafutwa, mchumba akamwacha. Alipigania haki yake na mwaka 1988 akaruhusiwa kurudi, lakini miaka yake bora ilikuwa imekwenda.

Atlanta 1996 wanawake 8 walikutwa na SRY, na wote 8 waliruhusiwa kushindana baada ya uchunguzi. Kabla ya Sydney 2000, IOC iliachana na upimaji wa wote. Wanaourudisha leo wana wajibu wa kuonyesha kwamba yaliyompata Martínez-Patiño hayatamkuta binti mwingine.

Kwa nini majina yanayotajwa mengi ni ya Waafrika?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira hiyo tunaielewa. Rio 2016, mbio za mita 800, jukwaa zima lilikuwa la Afrika: Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi, Margaret Wambui wa Kenya. Kanuni za homoni za shirikisho la riadha la dunia za mwaka 2019 ziliwafungia wote watatu umbali huo. Barbra Banda wa Zambia, ambaye kabla ya kung'ara kwenye soka alikuwa bondia, alikosa fainali za wanawake za Afrika mwaka 2022 kwa suala la vigezo vya jinsi.

Sababu moja ni ya kihospitali. Kwenye nchi zenye huduma nyingi, tofauti hizi hugunduliwa utotoni, mara nyingine zikafanyiwa upasuaji. Mtoto aliyezaliwa kijijini Chamwino au Kongwa anaweza kufika miaka 20 bila kuonwa na bingwa wa homoni. Kwa hiyo Mwafrika anagundulika uwanjani, mbele ya kamera. Sababu nyingine ni macho ya watu: mwanamke mweusi mwenye misuli hushukiwa haraka, na kwa miaka mingi kanuni zilisema apimwe anayeshukiwa. Kumpima kila mmoja angalau kunaondoa upendeleo huo.

Jirani yetu Annet Negesa wa Uganda aliondolewa kwenye mbio za mita 800 za London 2012, kisha akafanyiwa upasuaji ili aweze kurudi. Amesema hakuelezwa vizuri atakachofanyiwa. Afya yake ikadhoofika, kiwango hakikurudi. Mzazi yeyote anayesoma hapa aikumbuke habari hii akiambiwa binti yake "atibiwe" ili acheze.

Na waliobadili jinsi?

Hilo ni suala tofauti, na Paris halikuhusika kabisa. Kanuni ya World Boxing inawapeleka waliozaliwa wa kiume upande wa wanaume. Kwenye ngumi za kulipwa, Baraza la Ngumi la Dunia, WBC, lilishasema mwaka 2022 kwamba halitaruhusu pambano kati yao na wanawake. Tunakubaliana nao.

Judo, karate, mieleka?

Kila mchezo una shirikisho lake na kanuni zake. Muulize kiongozi wa mchezo wako, akuonyeshe maandishi.

Binti yangu ana mabega mapana na sauti nzito. Kocha wa timu pinzani anadai apimwe. Nifanyeje mama yake?

Mama, usimkemee binti na usimnyime mazoezi. Mabinti waliokulia kubeba ndoo za maji kilomita kadhaa na kulima mtama wana mabega. Nasi tunawaongezea kwa kamba, mikanda na kupiga begi. Bega si ushahidi.

Mjibu kocha huyo kwamba madai yapelekwe kwa maandishi kwa msimamizi wa mashindano. Mashindano ya mtaa na ya mkoa hayana sababu ya kumpima mtoto vinasaba. Anayetamka madai hayo mbele ya watoto wenzake anamharibia jina, na tumeona mabinti wenye kipaji wakiacha mchezo kwa neno moja lililosemwa pembeni ya ulingo.

Kocha anaruhusiwa kumkagua bondia mwenyewe?

Hapana. Wala kumvua nguo, wala kumpapasa, wala kumuuliza maswali ya siri zake faraghani. Hata kocha wa kike. Anayefanya hivyo aripotiwe dawati la jinsia la polisi.

Akichaguliwa timu ya taifa, kipimo kinapatikanaje?

Njia yake ni Shirikisho la Ngumi la Tanzania, BFT. Vipimo vya vinasaba nchini vinatawaliwa na sheria ya mwaka 2009 inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo sampuli haichukuliwi na mtu yeyote mwenye kijiti. Taarifa za vinasaba na afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kabla binti hajasaini, aulize: nani ataona majibu, yatahifadhiwa wapi, nani atamshauri yakirudi tofauti, na nani analipa. Fomu aisome kwa Kiswahili.

Na ifanywe mapema. Wanawake wa Ufaransa walifika Liverpool na kuzuiwa kupigana, kwa kuwa majibu ya maabara hayakutoka kabla ya siku ya mwisho. Kama hilo liliwapata wao, sisi tulio mbali zaidi na maabara hizo tuanze miezi kabla.

Majibu yakirudi na SRY?

Kwanza, yeye ni yuleyule aliyekuja mazoezini jana. Asiamue lolote siku hiyo, majibu yake yasitumwe kwa WhatsApp, asisemwe kambini. Aonane na bingwa wa homoni na bingwa wa magonjwa ya wanawake. Kwa Dodoma rufaa inaweza kuanzia Hospitali ya Benjamin Mkapa. Baadhi ya hali hizi zina hatari ya uvimbe baadaye, kwa hiyo kujua kunaweza kumsaidia kiafya hata kama asingekuwa bondia. Muda wa rufaa uangaliwe. Upasuaji au dawa kwa ajili ya medali tu, tunasema wazi, tunapinga.

Binti wa miaka 15 hajapata hedhi. Ni mazoezi?

Inawezekana, hasa kama anajinyima kula ili ashuke uzito, na hilo hutokea sana kwenye ngumi. Lakini umri huo ukifika bila hedhi, mpeleke hospitali. Zipo sababu nyingi, nyingi zikiwa za kawaida.

Nimepangiwa mpinzani ninayemtilia shaka. Nipande ulingoni?

Mwambie kocha wako kabla ya kupima uzito. Kocha aandike kwa msimamizi na adai jibu kabla ya pambano. Mpinzani akiwa amekidhi kanuni zilizopo, uamuzi wa kupanda ni wako na hakuna anayekulazimisha. Ukipanda, mpe mkono kabla na baada. Ukizidiwa, geukia kona, tutarusha taulo bila kukuuliza mara mbili. Malalamiko yataandikwa na uongozi wa klabu, na jina la mpinzani halitatoka kwenye simu ya mtu yeyote wa kwetu.